Nyoka Mbili za Chungu cha Dani

Jana mjukuu wangu amekuja na simu yake, ananiambia, "Dani, angalia." Kuangalia, ni nyoka. Nyoka mbili ndogo, nyekundu na nyeusi na nyeupe, zina mistari kama soksi za timu ya mpira. Anasema huko ng'ambo watu wananunua wanafuga kwa nyumba, ndani ya kioo, na wanasumbuka kuchagua juu ya vile zinafanana. "Wewe ungechukua gani?" Nikacheka mpaka chai ikamwagika. Huyu mtoto anafikiria nyoka ya kufuga imeanza kwa simu.

Wewe kaa hapa karibu, nikuambie.

Kwetu ni Asembo Bay, na hii ni miaka ya themanini, mimi bado msichana wa kufukuza kuku. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: omena, hao dagaa wa ziwa letu, imeanikwa kwa nyavu, mimi nimekaa na fimbo, kuku akija namrudisha. Harufu ya omena ilikuwa inalala kwa nywele, hata uoge na sabuni ya kipande. Nyuma ya jiko ya dani yangu, mama ya baba, mafunjo ilikuwa imesimama mpaka kwa maji, na vyura walikuwa wanaimba humo kama kwaya imekosa mwalimu. Hapo ndipo kulikuwa na chungu kubwa imepasuka, imelala kwa ubavu, mahali dani alimwaga maji ya kuosha sufuria.

Asubuhi moja baada ya mvua nikachungulia ndani. Vichwa viwili vinaniangalia. Zote kijani, kijani ya mpunga ikiwa bado changa. Moja ilikuwa kijani tu, basi. Ingine ilikuwa na madoadoa nyeusi, na mkia yake inaenda rangi ya kutu. Hiyo ya madoadoa niliipenda papo hapo, nikasema ni yangu. Na wewe usiende kushika nyoka eti mama fulani alisema. Iko ingine ya kijani inakaa kwa miti, hiyo inaua. Hizi zetu zilikuwa za kula vyura tu, wazee walizijua.

Dani hakukimbia. Sisi kwetu nyoka ikiingia boma haipigwi ovyo, kwanza inaulizwa imeleta nini. Aliinama, akaangalia, akasema polepole, "Basi umefika."

Alikuwa ameamua ni nyieka wake, mke mwenza, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka huo. Hao wawili waligombana juu ya kuku moja. Kuku ililiwa, mifupa ikatupwa, ugomvi ikabaki. Yule mama alikufa wakati hawasalimiani. Dani hakusema inamuuma, lakini nilikuwa namuona anafungua mdomo kuita ng'ambo ya uwanja, halafu anaufunga.

Sasa shida: nyieka mmoja, nyoka mbili. Hakujua ni gani, kwa hivyo kila asubuhi aliongelesha zote. "Umeamka? Bado mvivu tu. Umekuja bila miguu lakini mdomo umebeba. Ona, Mungu amekupasua ulimi, ile moja haikukutosha." Halafu ananiambia niweke maziwa kwa kifuniko. Nyoka haikunywa hata tone, ni paka alikuwa anakuja kulamba. Dani anaona kifuniko iko kavu, anafurahi, na mimi nanyamaza.

Mpaka baba mdogo akajua mahali maziwa inaenda. Huyu alikuwa mtoto wa kuzaliwa na huyo nyieka, na alikuwa mtu wa kanisa kabisa. Akatoka kwake na jembe.

"Mama, hii boma watu wanakunywa chai ya turungi na nyoka wanakunywa maziwa?"

"Punguza sauti. Mama yako amelala."

"Mama yangu yuko mbinguni."

"Najua. Kwani huko hawapewi likizo?"

Ningecheka, lakini jembe ilikuwa juu tayari. Nikachuchumaa mbele ya chungu, nikaikumbatia.

"Sawa," baba mdogo akasema. "Mama yangu alikuwa mmoja. Nionyeshe ni gani. Hiyo ingine naiua."

Nikamwambia dani kwa macho: madoadoa, chagua madoadoa. Halafu nikaangalia ile ingine, ile ya bure, nikaacha kumkonyeza. Dani aliinama, akakaa hapo sana. Aliangalia hii, akaangalia ile, akarudi kwa hii, na nikaona kweli hajui.

Mwisho akanyoosha kidole. "Huyu wa madoadoa. Huoni ni ile nguo ulimletea kutoka Kisumu ulipoanza kazi? Alipita nayo hapa mbele ya jiko yangu, akarudi, akapita tena, ndio nione wivu. Na niliona."

Baba mdogo akaangalia ile ya kijani tu. "Na huyu mwingine?"

"Huyo ni mimi."

"Wewe si uko hapa."

"Nimejituma niende nimsalimie. Kwa miguu nilichelewa."

Jembe ikashuka. Yule mtu mzima alikaa chini kwa matope na suruali yake ya kanisa, akatoa leso, akapangusa uso. Dani akakaa kando yake. Baadaye sana baba mdogo akasema, "Basi leta chai."

"Ya turungi," dani akasema. "Maziwa imeisha."

Nyoka zangu zilikaa mpaka mvua kubwa, maji ikapanda, zikaenda. Baba mdogo aliendelea kupita hapo, anakohoa kidogo karibu na chungu kama mtu anabisha hodi, anajifanya anatafuta jembe.

Siku hizi hao wote wako chini. Magugu ya maji ilikuja ikafunika ufuo wetu, mafunjo ikakatwa, na mahali pa chungu kuna simiti. Nimelala huko juzi kwa matanga, sikusikia chura hata mmoja.

Basi hiyo jana, nikimaliza kucheka, mjukuu alikuwa bado ananingoja na simu. "Sasa, Dani, ungechukua gani?"

"Zote mbili. Uweke pamoja."

Akasoma kidogo. "Hapa wanasema ukiziweka pamoja zitakulana."

"Najua," nikamwambia. "Hata hao wetu walikulana miaka yote. Lakini mmoja alipoenda, mwenzake alimtafuta mpaka ndani ya chungu."