Magari Mawili ya Spoti na Magoti ya Shangazi

Kiti cha gari jekundu kilikuwa kikipata moto chenyewe, na pale Ujiji hakuna aliyejua kukizima. Shangazi Anastazia alikikalia, kisha akakataa kushuka.

Tulifikaje hapo? Mdogo wangu Neema anaolewa Jumamosi, na wenye magari mawili ya spoti wamejitolea, kila mmoja anataka lake ndilo limpeleke kanisani. Kwetu bibi harusi hatoki nyumbani bila shangazi yake ubavuni. Shangazi alishasema wazi: asipopata nafasi pembeni ya Neema, Neema hatoki. Nikapewa daftari nikalinganishe.

Saa moja asubuhi tuliondoka Kalinzi, ukungu ungali juu ya mibuni, shangazi kajifunga vitenge viwili. Saa tatu teksi ikatushusha Mwanga, mjini Kigoma, kwenye joto la ziwa.

Gari la kwanza, jeusi, ni la Jofrey, fundi simu. Kiyoyozi chake ni kikali, na kiti cha dereva hurudi nyuma chenyewe mlango ukifunguliwa. Nikaandika: vizuri. Viti ni vinne, lakini shangazi alipoingizwa nyuma, magoti yalimfika kidevuni.

"Hapa mnapakia watu au mihogo?"

"Mama, bibi harusi atakaa mbele, wewe nyuma," akasema Jofrey.

"Nimsindikize kisogo?"

Tulimtoa kwa kumvuta, huyu mkono huu, huyu ule. Nikafuta "vizuri", kisha nikairudisha, maana kiyoyozi hakikuwa na kosa.

Saa sita tukawa Ujiji kwa Sadiki, mfanyabiashara wa dagaa. Gari lake, hilo jekundu, lilitoka Japani, na vitufe vyote vimeandikwa Kijapani. Alipoliwasha, sauti ya kike ikasema kitu kwa Kijapani.

"Marahaba," akaitikia shangazi.

Baridi ya Kalinzi imemharibia magoti. Ule moto wa kiti ulimwingia sawasawa. Mimi nikakaa kulia kwake kwa niaba ya Neema, Sadiki akisimama nje, akitueleza kupitia dirishani.

"Mnatosha?"

"Kama tumepimiwa, baba."

Usukani ulinigusa tumbo. Nikaandika: nafasi ya gauni, ndogo kidogo.

Njiani kurudi nilisoma daftari mara mbili nisilielewe. Kila nilichokiita kasoro, shangazi alikiita starehe. Nilichojifunza ni kwamba nilipaswa kuanza na magoti yake, ndipo niangalie vitufe.

Jioni Neema alitupokea mlangoni.

"Lipi?"

"Jekundu," akasema shangazi. "Viti viwili tu. Changu na chako, hakuna wa kutubana."

"Na dereva?"

Shangazi akanitazama. Nikafungua daftari, nikapekua ukurasa mmoja baada ya mwingine.

Leo ni Alhamisi. Jofrey na Sadiki wote wamepiga simu kuuliza, na shangazi hajabadili neno.