Kushyar Aligonga Mlango wa Tanuri

Naweka dau la kondoo mzima kwamba hutaniamini. Hapa Kashan hakuna mchochea moto anayenifikia, na marehemu Kushyar alilijua hilo. Miaka thelathini aliandika dua kwenye vigae, na kila mara akasimama nami kwenye moto wa pili, ule wa moshi unaoleta mng'ao wa dhahabu. Alikuwa anaunusa moshi, halafu anagonga mlango wa tanuri mara mbili, maana yake nizime.

Alikufa akaacha kigae kimoja hakijaingia moto huo, cha kaburi la mkewe. Dada yake Golnar akaniletea.

"Ukikiharibu, kaka, nakutia humo humo tanurini."

"Dada, kwa moto wangu hata wewe utang'aa!"

Adhuhuri, kigae kikiwa motoni, mlango wa tanuri ukagongwa mara mbili. Golnar alikuwa mbele yangu, mikono mapajani.

"Ni yeye," akanong'ona. "Zima."

"Matofali tu hayo yanapasuka," nikacheka, nikaongeza kuni.

Tulipokitoa na kukisugua, herufi zote zilikuwa nyeusi tii. Golnar akakipakata kama mtoto, akaondoka nacho.

Nilikosea. Ningalizima Kushyar alipogonga.