Jua Uani Tibirinzi

Njia ya salama ya kulitazama jua kwa darubini ni kutolitazama. Unaielekeza darubini juani, unaweka karatasi nyeupe nyuma ya tundu la kuchungulia, na jua linajichora lenyewe kwenye karatasi, duara la ukubwa wa kisahani, na madoa yake. Nafundisha fizikia Chake Chake, na maneno hayo nimeyasema mpaka wanafunzi wananiigiza. Jumamosi moja niliazima darubini ya skuli, nikaisimamisha uani kwetu Tibirinzi, nikawaita majirani.

Walikuja, wakainamia karatasi, wakabishana kama madoa yale ni ya jua au ni uchafu wa kioo. Nilizungusha lenzi, madoa hayakuhama. Nilifurahi kuliko wao.

Kisha akatoka ndani mavyaa, mama wa mume wangu. Jicho lake la kushoto limezibwa zamani na mtoto wa jicho; anaonea la kulia tu. Huku kwetu mkubwa akija hupewa kilicho bora, na jirani yetu mmoja, muungwana kupita kiasi, aliona ni utovu wa adabu bibi wa watu kuoneshwa karatasi ilhali tundu lenyewe liko wazi. Nilikuwa nimegeuka kuchukua kiti. Niliporudi, karatasi ilikuwa imeshawekwa kando.

"Karibu, bibi. Weye mkubwa, tizama lenyewe."

Naye alikuwa anainama, jicho la kulia mbele.

Nilimsukuma. Sikumwita, sikumshika mkono. Nilimsukuma kwa viganja viwili, akaanguka kitako, ushungi ukamvuka. Mke wa mtu kumwangusha mavyaa wake mbele za watu, tena nyumbani kwake mwenyewe! Nikaokota kipande cha boksi, nikakishika pale jicho lake lilipokuwa linakwenda. Kikatoa moshi, kikatoboka. Jirani akashika kichwa.

"Umenisukuma weye," mavyaa akasema, akijifunga ushungi. Hakukitazama kile kipande cha boksi.

Mpaka leo hajanisamehe, na mume wangu amechoka kutusuluhisha. Kila akija mgeni, mavyaa humketisha karibu yake, akamkazia lile jicho la kulia, akamweleza namna mke wa mwanawe alivyomwangusha mchana kweupe. Mimi humimina chai, simkatizi.