Mkono Uliofika Mapema

Kuna siku moja ya utotoni ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Mzee wangu akisikia hivyo atanuna, kwa hivyo ibaki kati yetu, mwanangu. Ni siku niliyoandikishwa shule pale Molo, miaka michache baada ya uhuru.

Wakati huo cheti cha kuzaliwa kilikuwa mambo ya watu wa mjini. Sisi wa mashambani tulipimwa kwa mkono. Unaupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la kushoto, wewe ni wa darasa la kwanza. Visipogusa, rudi nyumbani ukaendelee kukua. Umri wangu ulikuwa bado, lakini watu wa kwa baba wote wana mikono mirefu. Asubuhi ile ya baridi sikuligusa sikio tu, nililishika nikalivuta. Mama alicheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani, na mimi nikaandikwa.

Furaha yake ilikuwa na sababu. Nyumbani kulikuwa na mdogo wangu aliyeanza kutambaa, na nyanya, mama yake baba, alikuwa ameshaamua kwamba yaya wake ni mimi. Shule aliikubali kwa shingo upande, tena kwa sharti: nikirudishwa hata mara moja, basi nimerudi kabisa.

Mwalimu wetu aliitwa Rispa, mke wa fundi wa reli aliyekuja naye kutoka magharibi. Alikuwa mama mnene, mpole wa sauti, mwenye sweta ya kijani asiyoivua hata jua likiwaka. Vifaa vya shule vilikuwa haba, lakini viazi havijawahi kuwa haba Molo, kwa hivyo hesabu tulijifunza kwa viazi. Siku moja alinipangia mistari miwili mezani, vitano huku na vitano kule, vikitazamana. Akaniuliza wapi kuna vingi. Nikasema ni sawa. Kisha, mimi nikiangalia, akavitandaza vya mstari mmoja ukawa mrefu, akaniuliza tena.

"Huu," nikasema, nikiuonyesha ule mrefu. Nilishangaa mtu mzima anauliza kitu kinachoonekana.

Darasa likacheka. Akanihesabisha: vitano huku, vitano kule. Sasa wapi kuna vingi? Nikamwambia huu mrefu. Usinicheke nawe, mwanangu. Sikuwa mjinga. Macho yangu yalikuwa bado yana nguvu kuliko hesabu yangu.

Bahati mbaya mwalimu mkuu alikuwa mlangoni.

"Huyu bado," akasema. "Arudi nyumbani, aje mwaka ujao."

Akilini nilimwona nyanya ananingoja langoni na mtoto mkononi, tayari kunikabidhi.

"Akirudi leo harudi tena, mwalimu. Mama yake ameniambia," Rispa akajibu. "Mkono umefika, akili iko njiani inakuja. Niachie yeye mpaka tufunge shule."

Mwalimu mkuu alikuwa mkali lakini alijua kusikiliza. Akakubali, ila siku ya kufunga angenijaribu mwenyewe.

Basi nikangoja nifundishwe jibu, na wapi. Chelagat, tuliyekaa naye dawati moja, alininong'oneza, "Wewe sema tu ni sawa." Rispa akamsikia.

"Usimwambie," akasema. "Atakariri maneno yako na bado ataona ya macho yake."

Alichofanya ni kutupa viazi vya kuchemsha kila mchana, mimi na Chelagat, tugawane sawa. Chelagat alikuwa na pengo mbele na utundu mwingi. Alikuwa akivitandaza vyake mezani vikawa safu ndefu, nami nalalamika kwamba amechukua vingi. "Haya, tubadilishane," ananiambia. Tukibadilishana anavitandaza na hivyo alivyopokea kwangu, nami nalilia nirudishiwe vya kwanza. Ilikuwa hivyo siku nyingi. Rispa aliendelea kusahihisha vitabu vyetu.

Siku moja njaa ilinishinda, nikakataa kubadilishana. Nikamwambia tule kimoja kimoja, nione atakavyobaki na vyake vingi. Tukala tukitazamana kama majogoo. Tukamaliza pamoja. Niliitazama ile meza tupu kwa muda mrefu sana.

Kesho yake nilivitandaza vyangu mwenyewe. Nikavikusanya, nikavitandaza, nikavikusanya tena. Halafu nikaanza kucheka peke yangu, maana niliona. Vilikuwa vile vile. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Siku ya kufunga, mwalimu mkuu alikuja na vifuniko vya soda, kusudi nisitegemee viazi. Akavipanga mistari miwili, akautandaza mmoja. Rispa, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameivua sweta yake na kuikunja mkononi.

"Wapi kuna vingi?"

"Ni sawa."

"Na mbona huu ni mrefu?"

Nikafikiri. "Umevisogeza tu, mwalimu. Hakuna mtu amekula."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akakaa kwenye dawati la watoto. Rispa aligeukia dirisha akajipangusa macho. Nyumbani, nyanya alipoelezwa alisema shule ya kula viazi hata yeye angeiweza, kisha akambeba mjukuu wake mgongoni, na habari ya yaya ikaisha.

Miaka ya themanini nilifundisha Nakuru mjini. Nilikuwa na watoto wa wenye maduka, Singasinga na Waislamu, na watoto wa reli na wa viwandani, na wote walipita njia ile ile. Mtoto anayetambaa, ukifunika kijiko kwa kitambaa, kwake kijiko hakipo tena. Wa darasa la kwanza huamini macho. Wa la nne anafikiri vizuri sana, mradi ana kitu cha kushika. Ukimwambia, tuseme ng'ombe wana mabawa, anakujibu ng'ombe hawana mabawa, mwalimu. Wa la saba ndio waliobishana kipindi kizima kama zizi litahitaji paa.

Jumatatu unaingia darasani kama mwalimu, mwanangu. Nakusihi, jua kwanza mtoto wako yuko wapi, ndipo uanze naye hapo. Mpe vitu avishike, avigawe, agombane navyo. Akikosea, muulize ameonaje, halafu unyamaze umsikilize. Na usimrudishe nyumbani yeyote kwa sababu amechelewa kuelewa, maana huwezi kujua nani anamngoja langoni.

Mungu akupe moyo wa kungoja. Akupe chumba chenye kelele nzuri na afya ya kuistahimili. Na siku mtoto atakapoelewa mbele yako, akujalie uwe umeinua macho, uuone uso wake.