Siku Niliyosema Brevet Yangu Iko Nyumbani

Nitawasimulia, lakini mucheke polepole, maana hata leo nikipita kijiji cha Swima kuna wamama wakiniona wanaziba midomo kwa kitenge, na mimi najifanya naangalia ziwa. Aibu ile niliitafuta mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Mimi ni fundi wa umeme, naitwa Alimasi, naishi mji wa Baraka. Kazi nilijifunza kambini Tanzania, wakati wa ukimbizi, kwa mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu, ambaye vidole viwili vya mkono wa kuume vilienda na umeme siku aliyomwamini mtu aliyemwambia "nimeshakata". Tuliporudi nyumbani nikaanza kufunga sola na jenereta, makanisani, madukani, mpaka nyumba za wakubwa kule juu Fizi, na miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza karatasi; watu waliangalia taa, ikiwaka wanasema aksanti, imeisha hiyo.

Bon. Kisha likaja sharti kwamba jengo la watu wengi, kama shule au hospitali, lisiwashwe mpaka fundi aliyelifunga aonyeshe brevet ya umeme, yaani cheti cha ufundi, au awe amefaulu mtihani wa ufundi unaofanyika Fizi-Centre. Nililisikia kwenye redio nikiwa nakunywa chai, nikasema hayo ni mambo ya watu wa Bukavu, nikaongeza sukari.

Wakati ule nilikuwa nimemaliza kufunga umeme katika maternité mpya ya Swima, nyumba ya kuzalia wamama: sola juu ya bati, betri, taa kila chumba, na laini ya mashine katika chumba cha kuzalishia. Muuguzi mkuu wa pale, Mama Sifa, alikuwa amezalisha nusu ya kijiji akiwa ameshika tochi kwa meno (haya si maneno ya kupamba, meno yake ya mbele yamepinda kidogo), kwa hiyo siku ya ufunguzi alifika wa kwanza, amevaa nguo mpya na kilemba kipya, na mbele ya kwaya nzima akanisalimia, "Karibu, injenieri!" Mimi sikukataa. Nani angekataa?

Saa tatu asubuhi akashuka Inspekta kutoka Fizi, mtu mfupi, viatu vinang'aa. Akazunguka vyumba, akatoka nje.

"Fundi njo nani?"

"Njo mi, mukubwa."

"Brevet yako iko wapi?"

Hapo, ndugu zangu, neno moja tu lingeniokoa: sina. Lakini wanakwaya wananiangalia, neno injenieri bado la moto moto masikioni, nikausikia mdomo wangu unasema, "Iko ku nyumba, Baraka." Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba Baraka ni mbali, pikipiki kwenda na kurudi ni nusu siku, atasema lete siku ingine, na siku hiyo ingine atakuwa amesahau.

Inspekta akaangalia saa yake. "Hakuna shida. Tutangoja."

Na Mama Sifa, kwa upendo tu, simu ilikuwa tayari sikioni. "Mama Neema? Bwana yako alisahau brevet ku nyumba. Ee, brevet! Panda pikipiki, ulete mbio!" Nikampungia mkono aache, akafikiri namshukuru, akanipungia na yeye.

Tukangoja. Nikapewa kiti cha mbele, karibu na pasta, na soda ya baridi. Pasta akaomba, akamshukuru Mungu kwa mtoto wa kwetu aliyesoma. Saa tano watu walikuwa wanasema nilisoma Kigoma. Saa sita nilikuwa nimefika Dar es Salaam, na mzee mmoja nisiyemjua akaapa kwamba aliona picha yangu nimevaa joho. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo: Baba, tairi moja tu lipasuke, moja tu, si lazima yote mawili.

Halikupasuka. Saa saba mke wangu Riziki, yule Mama Neema wa kwenye simu, akashuka kwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, anatabasamu, bahasha ya plastiki imekumbatiwa kama mtoto mchanga. Kabla sijasimama alikuwa ameshampa pasta, na pasta alikuwa na maikrofoni mkononi (yule mtu akishika maikrofoni haiachi), akafungua, akasoma kwa sauti ya Jumapili:

"Brevet... de coupe et couture, ya kukata na kushona nguo. Inatolewa kwa Bibi Riziki..."

Kuku mmoja akalia. Kisha mama mmoja wa kwaya akasema, "Kumbe taa zetu zilishonwa!" na uwanja mzima ukalipuka, watu wakashikana mabega, mzee wa joho akacheka kuliko wote.

Riziki alishangaa. "Mulisema brevet, si ni hii? Nikafikiri munatafuta mutu wa kushona rideaux za madirisha ya maternité! Ku nyumba yetu brevet iko moja tu, na ni yangu."

Kila neno lilikuwa kweli, ndiyo sababu liliniua.

Inspekta hakucheka. Aliingia ndani, akashusha swichi kubwa, akabandika juu yake karatasi yenye muhuri. "Mutu akiungulia hapa, nitauliza nani?" Na Mama Sifa pia hakucheka. Aliangalia mlango wa chumba cha kuzalishia, akavua kilemba chake kipya, akakikunja, akaenda zake bila kunitukana. Angenitukana ningepona haraka.

Ningekimbia, lakini Riziki alinifinya mkono. "Muulize mutihani ni siku gani."

"Siku ya ine," akajibu Inspekta, yaani Alhamisi, na akaniangalia kama anayesema hutakuja.

Siku tano zilizobaki nyumba yetu iligeuka shule. Riziki mtihani wake wa kushona ulimwangusha mara mbili kabla ya kufaulu, kwa hiyo hakunicheka. Aliazima kitabu cha umeme, akawa anasoma maneno ya Kifaransa huku anakanyaga cherehani, na mimi najibu kwa yale mikono yangu inayoyajua.

"Disjoncteur?"

"Ile inajikata yenyewe umeme ukizidi."

"Prise de terre?"

Niliujua kama ule waya wa kijani, na niseme ukweli, mara nyingi niliukata nikafungia kuku. Riziki akasoma taratibu: umeme ukitoroka ukaingia kwenye chuma cha mashine, waya huo unaupeleka ardhini, usipite ndani ya mtu. Nikaiona mashine ya chuma ya Mama Sifa, sakafu yenye maji, mama aliyelala pale. Chumba kile sikukiwekea waya wa ardhi. Siku hiyo sikula.

Siku ya ine tukapanda Fizi. Inspekta alikuwa kwenye meza ya mbele. "Aa, fundi wa kushona! Karibu." Waliokuwa wamekuja kwa mtihani wakacheka, nikacheka na mimi, nifanyeje. Maswali ya kuandika yakanitoa jasho mpaka karatasi ikalowana. Mchana tukaitwa mmoja mmoja kwenye chumba chenye ubao wa nyaya ukutani, tutafute kosa. Walionitangulia walitoka haraka, nyuso zimekunjamana, wakaenda moja kwa moja getini.

Nikaingia. Inspekta alisimama pembeni, mkono wake kwenye swichi.

"Courant nimeisha kata mi mwenyewe. Anza."

Nikatoa bisibisi yangu ya kupimia, ile yenye kataa kadogo ndani. Nikagusisha. Kataa kakawaka: umeme upo. Nikarudia. Kakawaka tena.

"Mukubwa, courant iko."

"Nimesema nimekata."

"Nimesikia, mukubwa. Lakini iko."

"Unanibishia? We, fundi wa kushona wa Swima?"

Nikaona uwanja mzima wa Swima unanichekea upya. Lakini nikauona pia mkono wa Mwalimu, wenye vidole vitatu, ukinifundisha kukaza skrubu.

"Ndiyo, minabisha. Sigusi mupaka ikatwe."

Akakata kweli, akaandika kitu, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake. Kumbe ule ndio ulikuwa mtihani. Wenzangu, kila aliyepeleka mkono bila kupima, Inspekta alikata kabla hajagusa, akamwonyesha mlango. Kosa la ubaoni nililipata hata kabla hajakaa.

Jioni wakasoma majina uani. Yalikuwa mawili tu, na la kwanza lilikuwa langu! Riziki alipiga vigelegele mpaka askari wa getini akaja kuangalia nani amevamiwa.

Wiki iliyofuata tukarudi Swima na Inspekta. Watu walijaa, wengine (nawajua) walikuja kucheka tena. Inspekta alipotaka kubandua muhuri, nikasema mbele ya wote, "Ngoja, mukubwa. Mule ndani kuna kosa langu." Nikalieleza lote, na hakuna aliyecheka. Nikavua shati, nikachimba nyuma ya ukuta mpaka udongo ukawa na unyevu, nikapigilia fimbo ya shaba, nikapitisha waya wa kijani hadi kwenye mashine. Inspekta akapima, akapima tena, akatia sahihi. Chini yake nikatia yangu.

Swichi aliiwasha Mama Sifa. Vyumba vyote vikawaka mchana kweupe, kwaya ikaanza bila kuambiwa, na yeye akanishika mikono yenye udongo, tukacheza pale mlangoni mpaka kilemba kikamwanguka.

Karatasi ninayo sasa, ina picha yangu, nimekunja uso kama mkubwa wa ofisi. Lakini nilichojifunza hakikuandikwa mule: siku hizi mtu akiniuliza kitu ambacho sina, simwachi hata amalize swali, ninamwambia sina, mbele ya yeyote aliyepo. Inauma kidogo, kisha inapita.