Muuza Asali na Rubani Mkuu

Binti anayeuza asali sokoni Tabora hupangusa mdomo wa kila chupa kwa kidole gumba, hata pasipomwagika tone. Maswali ya mwendo na umbali huyajibu huku akimimina, kwa sauti ya chini kama yuko kanisani. Alhamisi anafanyiwa usaili wa mafunzo ya urubani Dar es Salaam, na akishindwa hakuna kurudia. Linalomtoa jasho ni zoezi moja tu, analofanyishwa na jirani yake mwenye duka la vitambaa, Mzee Huzefa, anayejifanya rubani mkuu aliyekosea ili binti amkosoe papo hapo.

"Mlima uko mbele, nami nashusha ndege. Sema!"

Binti anakunja goti kidogo, kama alivyolelewa kwao Itetemia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tumeshakufa."

Wauza dagaa wanacheka. "Mwacheni, angalau amekufa na adabu!"

Binti anapangusa chupa iliyokwisha kupanguswa. Mzee anaanza upya, kiganja chake kikishuka taratibu kuelekea mezani.

"Huzefa! Inua ndege!"

Soko zima linageuka. Binti amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Mzee anakohoa, anaweka sawa kofia yake.

"Hivyo hivyo," anasema. "Ila mimi usinizoee."