Pazia la Kumwamkia Mama

Ndugu yangu anafanya kazi Uarabuni, na kila akija likizo huja na kitu cha kutushangaza. Safari moja ilikuwa mashine ya kukaanga bila mafuta. Mama aliitazama kwa siku nzima, akauliza samaki ataivaje bila mafuta, kisha akaifanya sanduku la vitunguu. Safari iliyofuata akaja na pazia.

Si pazia la kuning'inia. Ni la kujikunja kwenye bomba lenye mota ndani, linapanda na kushuka kwa kubonyeza simu, hata kama simu yenyewe iko ng'ambo, mradi nyumbani pana waifai. Alilifunga kwenye dirisha la chumba cha mama, kwa sababu mama ana magoti mabovu, na madirisha ya nyumba yetu ya Mambrui yako juu. Siku ya kuondoka akamwambia, "Mama, kila alfajiri nikimaliza kusali nitakufungulia mimi."

Na akafanya hivyo. Alfajiri ya kwanza pazia likapanda taratibu, likivuma kidogo. Mama, yuko kitandani na tasbihi yake, akalijibu, "Marahaba, mwanangu."

Mimi nilikuwa nimesimama papo hapo na kikombe cha chai. Nilikuwa nimemwamkia mara mbili. Nilishikwa na wivu, sisemi uongo. Mtu uamke, uwashe moto, uchome mahamri, halafu marahaba apewe pazia!

Wiki ya pili pazia likagoma. Mama akasubiri mpaka jua likapanda na chai ikapoa mbele yake. "Ndugu yako yuwaumwa," akasema. Nikampigia ndugu yangu simu, nikaiweka kwenye sikio la mama. Akaapa kuwa ni mzima, na kwamba amebonyeza hadi kidole kimemuuma. Mama akanirudishia simu yangu.

"Sauti yaweza kudanganya," akasema. "Babako alinipigia simu akicheka, kumbe yuko hospitali."

Siku hiyo hakula, na badala ya pazia ikapanda presha yake. Nikaogopa kweli. Basi nikakumbuka kuwa lile pazia lilikuja na rimoti ndogo isiyohitaji mtandao wowote. Tangu kesho yake nikawa kila alfajiri nanyata hadi mlangoni kwa mama, napenyeza mkono, nabonyeza. Mama anajibu marahaba, anakunywa chai yake, na mimi najifanya ndio kwanza naamka.

Ufundi sikuwa nao. Kuna siku lilipanda nusu, likashuka, likapanda tena. "Leo ana mawazo mengi," mama akasema. Siku nyingine nilipiga chafya palepale mlangoni. Nikamsikia mama akisema kwa upole kabisa, akilielekea dirisha, "Mungu akurehemu." Nilikimbia hadi jikoni nimeziba mdomo kwa leso.

Mambo hayo hayangeweza kuendelea milele, kwa hivyo nikamwita fundi kutoka Malindi mjini, bwana mmoja wa bara, mpole, mwenye tumbo la heshima. Kwetu mtu akiingia nyumbani, hata kama amekuja kusoma mita ya maji, hapewi chakula kwenye kisahani. Hutandikiwa sinia. Fundi hajamaliza kuvua viatu, mama ameshaniamuru niteremshe masinia yake yote ya shaba kutoka kabatini, yale aliyoachiwa na mamake, nichague lililo kubwa. Fundi akala mahamri na mbaazi akashiba. Akatoa simu, akabonyeza. Pazia likapanda. Akabonyeza tena, likashuka.

"Hii network iko sawa kabisa, mama," akasema. "Hakuna shida hapa."

Akaenda zake. Nikaosha sinia, nikayapanga yote kabatini. Pazia likagoma.

Alikuja mara ya pili, na nadhani mara hiyo alikuja na njaa makusudi. Yakawa yale yale: sinia, mbaazi, pazia juu, pazia chini, hakuna shida. Mama akasema pazia linamwogopa fundi, kama jino linaloacha kuuma ukifika kwa daktari.

Mara ya tatu mama hakuwapo. Majirani walikuwa wamemshika mkono huku na huku wakampeleka hitima nyumba ya pili. Mimi nimechoka, sina hamu ya kuteremsha shaba, nikampa fundi mahamri mawili kwenye sahani ya plastiki. Aliyatazama kama mtu aliyetukaniwa ukoo. Akabonyeza simu. Pazia halikutikisika. Akabonyeza tena, wapi! Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, alipouliza, "Kwani dada, ruta mmeiweka wapi?"

Nikafungua kabati. Ruta ilikuwa imekaa nyuma ya masinia saba, imevishwa kitambaa cha kufuma. Mama ndiye aliyeamuru ihamishiwe humo, wiki moja baada ya ndugu yangu kuondoka, maana kitu cha thamani kinachomulika taa sebuleni, kila anayepita atakitia jicho.

"Hii chuma yote imefungia network ndani," fundi akasema. Kumbe mtandao wetu ulikuwa ukitoka nje wakati wa kula tu.

Mama aliporudi tulibishana mpaka adhana ya alasiri. Mwishowe akakubali ruta ikae juu ya kabati, lakini isivuliwe kitambaa chake. Nikampigia ndugu yangu nikamwambia kuanzia kesho zamu ni yake, mimi nimestaafu.

Kesho yake nililala fofofo, usingizi wa wiki tano. Nilizinduliwa na mkwaruzo wa mkongojo sakafuni, kisha mlango wangu ukasukumwa. Mama, ambaye kwa magoti yale havuki ukumbi bila kushikwa, alikuwa amesimama peke yake, anahema, mkono mmoja ukutani. Akajikokota hadi kitandani, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Pazia limepanda lenyewe, na mlangoni hapana mtu," akasema. "Nimeogopa, mwanangu. Una nini?"